Koti la Reli la Mzee Methusela Matonya (1953–2025)

Ndugu, jamaa, majirani na wana Gulwe wote, karibuni tumsindikize mzee wetu kwa maneno kabla hatujamsindikiza kwa mchanga. Wasifu huu umeandaliwa na familia, na unasomwa na mdogo wake, Gideoni.

Mzee Methusela Chibago Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Chibago Matonya na marehemu Mama Mbeleje. Baba yake alilima uwele na kufuga. Jina la Methusela alichagua mama, baada ya kusomewa habari za mtu aliyeishi miaka mingi kuliko watu wote katika Biblia. Marehemu alilibeba jina hilo kwa utani. Kila mwaka ulipotimia alisema, "Bado mia tisa hivi." Leo tunamzika akiwa na miaka sabini na miwili, na kwa hesabu ya mwenye jina ameondoka angali kijana.

Alianza shule ya msingi hapa Gulwe mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba Mpwapwa mwaka 1967. Tusidanganyane, hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa mwisho kutoka darasani, maana hakukubali kuondoka hesabu ikiwa haijakaa sawa. Mwalimu alichoka kumngoja, akawa anamwachia mlango aufunge mwenyewe. Gideoni alikuwa akimsubiri nje huku njaa ikimuuma, na mpaka leo anadai kwamba hesabu za mafungu zilimnyima ugali mwingi wa moto.

Mwaka 1973 aliajiriwa na reli, katika genge la kutengeneza njia. Anayekaa Gulwe hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Mvua ikipiga milimani, mto hauombi ruhusa, unabeba tuta, kokoto na mataruma, na treni zinalala huko ziliko mpaka genge lirudishe kilichochukuliwa. Nyapara wao, marehemu Mzee Fulgence, alikuwa na utaratibu wake. Kila jioni, hata kama nguvu bado zipo, aliacha kipande kidogo chepesi bila kukimaliza. Vijana walinung'unika. Nyapara akawajibu, "Hicho ni cha kesho. Mkiamka mkute kazi mnayoiweza, mkono utapata moto wa kuanzia." Marehemu alilishika neno hilo, na mtaona mbele lilikomfikisha. Mwaka 1976 alihamishiwa stesheni, akageuza njia za treni na kushika bendera mpaka alipostaafu mwaka 2008. Aliondoka na koti zito la buluu lenye vifungo vikubwa vya shaba, pamoja na bendera mbili zilizopauka, nyekundu na kijani, ambazo stesheni masta aliona hazifai tena kwa kazi.

Ndoa yake ilianzia stesheni vile vile, na kwa ugomvi. Binti mmoja aitwaye Emilia alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha madirishani mwa treni, na hakuwa mtu wa kusogea. Methusela alimwonya kila siku asimame mbali na behewa. Siku moja binti akamgeukia na beseni lake kichwani na kumwambia, "Bendera yako inazuia treni. Mimi si treni." Methusela alikwenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba amepata mke. Walifunga ndoa katika kanisa la Gulwe tarehe 2 Septemba 1978, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nathanaeli na Paulina.

Paulina alikua, akasoma, akapata ukarani katika ofisi ya serikali Chamwino. Tarehe 4 Novemba 2015 alijifungua mtoto wa kike, Jenifa. Daktari aliwaeleza wazazi kwa upole kwamba mtoto ana sindromu ya Down. Misuli yake ingekuwa milegevu, na angechelewa kukaa, kutembea na kusema. Wapo waliokuja kutazama mtoto wakaishia kutoa pole. Methusela alimpakata mjukuu wake, akamkagua vidole kimoja kimoja, akasema, "Huyu ni treni ya mizigo. Ya abiria inapita mbio na watu wameshika mikoba. Hii itachelewa, lakini ikifika imebeba." Mwezi uliofuata yeye na Bibi Emilia walifunga nyumba ya Gulwe wakahamia Chamwino kumlea.

Walimlea kwa mapenzi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Jenifa alikuwa na kipaji ambacho nusura kimponze. Ukimpa kijiko anakijaribu mara moja. Kikimponyoka anakutazama usoni, anatabasamu, anapiga makofi, kisha anaanzisha pambio la shule ya Jumapili huku akitikisa mabega. Nani asingecheka? Nyumba nzima ilicheka. Bibi Emilia alifuta machozi ya kicheko, akaokota kijiko, akamlisha. Ikawa hivyo kwenye viatu, hivyo kwenye nguo, hivyo kwenye kunawa. Mtoto alifika miaka minne akiwa anajua mapambio mengi na hajawahi kuvaa kiatu mwenyewe.

Aliyeliona jambo hilo ni Shamila, binti wa Kondoa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali waliyokuwa wakimpeleka mtoto mjini Dodoma. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2020, alimwambia marehemu, "Babu, shikamoo yangu umeshaipokea, sasa nipokelee na neno. Huyu mtoto hajashindwa na kijiko. Ameona kwamba akishindwa kwa kuchekesha, kijiko kinakuja chenyewe."

"Tufanyeje, binti yangu?"

"Mpeni kazi inayomzidi kidogo tu. Kisha mkae na mikono yenu. Mkimnyang'anya, anajifunza kuacha. Akiomba, msaidieni kipande, msimalizie. Na msifuni akiwa bado anajaribu, msingoje amalize."

Marehemu alirudi Chamwino na neno hilo. Usiku, baada ya chakula, alimwuliza mkewe, "Mama Nathanaeli, mimi nina miaka sitini na sita. Siku nikifa, na wewe ukifa, na Paulina yuko kazini, nani atamfunga huyu mtoto vifungo?" Bibi Emilia akainuka kuosha vyombo. Swali hilo ndilo lililomwendesha Mzee Methusela miaka yake yote iliyobaki.

Kukaa na mikono ni rahisi kusema. Mikono ya Bibi Emilia haikujua kukaa. Mtoto akikunja uso tu, bibi yuko hapo. Wakagombana, na si kidogo, mpaka marehemu akafungua sanduku lake la bati na kutoa bendera zake. Akapiga msumari juu ya mlango wa mbele. Akatangaza sheria: Jenifa akianza kazi, nyekundu inapanda, na hakuna anayeingia wala kunyoosha mkono. Jenifa mwenyewe akisema "kijani", bendera inabadilishwa na msaada unakuja, lakini wa kipande kimoja. Bibi Emilia alisonya akamkumbusha kwamba yeye si treni. Hata hivyo bendera aliiheshimu, kwa kuwa aliyeipandisha alikuwa ameifanyia kazi miaka mingi na hajawahi kuikosea.

Lakini Wagogo wenzetu mnajua kitambaa chekundu mlangoni kina maana gani. Wiki haikuisha kabla mtaa haujasema kwamba mzee wa reli amefungua uganga. Bwana mmoja, Hasani, alikuja toka mbali ameshika jogoo kwapani, akavua viatu nje, akasema, "Mganga, ng'ombe wangu wamepotea tangu juzi."

"Mimi huzuia treni tu," marehemu alimjibu, "na siku hizi namzuia bibi mmoja mkaidi. Rudi na jogoo wako." Hasani alirudi nyumbani shingo upande. Kesho yake ng'ombe wakajirudisha wenyewe, naye akaenda kila kijiji akisifu mganga asiyepokea hata jogoo. Kwa miezi kadhaa marehemu alikuwa na kazi ya kuwarudisha wateja.

Habari zikafika kanisani. Mwinjilisti Henry akatumwa kuja kuuliza. Alimkuta marehemu amesimama katikati ya sebule, amevaa koti la reli mchana wa jua kali, jasho linamtiririka. Mbele yake Jenifa yuko juu ya kigoda, ulimi nje, anapambana na kifungo cha tumboni. Shamila alikuwa ameshauri waanze na vifungo vikubwa, na vikubwa kuliko vile vya shaba Chamwino nzima havikuwepo.

"Baba Nathanaeli," mwinjilisti alianza, "kanisa limenituma kuhusu hicho kitambaa."

"Kaa, mwinjilisti. Bado ni nyekundu."

Kifungo kilichungulia tunduni kikarudi. Jenifa aliona mgeni. Akamtazama, akaachia tabasamu lake lile, akapiga makofi, akaanzisha pambio. Henry ni mtu wa nyimbo, akafungua kinywa kuitikia.

"Usiitikie," marehemu alimwambia taratibu. "Ukiitikia umeharibu kazi."

Mwinjilisti alifumba mdomo. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha pambio lipite. Jenifa aliimba mstari mzima peke yake, akatazama huku na huku, akaona hakuna anayeitika wala anayecheka. Akashusha pumzi ndefu, akarudi kwenye kifungo. Kilimponyoka. Akalia kidogo, kilio cha hasira, na bibi yake mlangoni akashika nguzo kwa mikono miwili. Henry alikuwa amekwisha kuikalia mikono yake. Jenifa akakigeuza kifungo ubavu, akakisukuma kwa kidole gumba, akavuta nguo kwa mkono mwingine, na shaba ikapita.

Marehemu hakurukaruka. Alisema, "Umeng'ang'ana, mjukuu wangu. Nimeona ulivyokigeuza." Na mtoto akatabasamu, safari hii bila makofi, akashika kifungo kinachofuata bila kuambiwa. Mwinjilisti alirudi kanisani akawaambia wazee kwamba kitambaa kile kina nguvu kweli, ila si zile walizodhani.

Walipofika kifungo cha shingoni, cha mwisho, marehemu alimzuia. "Hiki tukiache. Hiki ni cha kesho." Paulina alishangaa, mtoto amepata moto, kwa nini akatishwe? Baba yake akamsimulia habari za nyapara Fulgence na kipande cha jioni. Asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, koti lilisikika likiburuzwa sakafuni. Jenifa alikuwa amelitoa kitini mwenyewe, analipeleka kitandani kwa babu. "Cha kesho," alimwambia. "Kesho imefika." Tangu hapo kila kazi katika nyumba ile ilikuwa na cha kesho chake, iwe ni kiatu, kunawa au kumenya karanga, na mtoto aliyekuwa akikimbia kazi akawa anaifuata kitandani.

Msidhani ilikuwa mteremko. Ziko siku alitupa kiatu dirishani. Iko miezi aliugua kifua, akasahau alichokuwa anakijua, ikabidi waanze upya. Marehemu hakuonekana kuvunjika moyo. Alikuwa mtu wa Gulwe, alizoea kurudisha leo tuta alilolirudisha mwaka jana. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani yenye kitengo cha elimu maalumu alikuwa amesema atampokea Jenifa akijimudu, yaani ale, avae na aende chooni mwenyewe, kwa sababu watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Januari 2023 Jenifa aliingia darasani amevaa sweta ya kijani aliyoifunga mwenyewe kuanzia chini hadi shingoni. Paulina alichelewa kazini siku hiyo, na hakuomba radhi kwa mtu. Jenifa leo anazitambua irabu zote na anajua jina la kila mwenzake. Hesabu bado zinamsumbua, lakini huwa wa mwisho kutoka darasani, na katika ukoo huu hatuhitaji kuuliza ametoa wapi.

Tarehe 19 Agosti 2024 Mzee Methusela alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakawa mazito. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, sote tulimjali kwa upendo uleule uliokaribia kumharibu mjukuu wake. Huyu anamlisha, yule anamnywesha, mwingine anamvalisha soksi. Naye akawa anafungua kinywa tu. Siku ya tatu Jenifa alisimama mlangoni akatazama bibi yake anavyopeleka uji mdomoni mwa babu. Akatoka. Tukasikia kigoda kinaburuzwa. Aliporudi alikuwa ameshika bendera nyekundu mkononi, kwa sababu msumari wa mlangoni hakuufikia hata kwa kigoda.

"Bibi, nyekundu," alisema.

Bibi Emilia aliweka bakuli mezani. Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yakimtoka, akakishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Uji mwingi ulimwagikia shuka. Jenifa alikaa pembeni mikono chini ya mapaja, na babu alipofikisha cha kwanza kinywani akamwambia, "Umeng'ang'ana, babu." Tulipomwona amechoka tukataka kumalizia. Jenifa akatukatalia, akalisogeza bakuli. Uji uliobaki ulikuwa wa kesho.

Kwa mtindo huo aliongezewa mwaka. Alifika kushika kijiko kwa mkono wa kulia, na kutembea na fimbo mpaka uwanjani. Mwezi uliopita presha ilipanda tena, figo zikachoka. Madaktari na wauguzi walijitahidi kadiri ya uwezo wao, na familia inawashukuru. Mzee Methusela Chibago Matonya alifariki dunia alfajiri ya Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, mkewe akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Emilia. Watoto wawili, Nathanaeli na Paulina. Mkwe wake Jordan, mume wa Paulina, ambaye alipiga ule msumari mara ya pili ulipong'oka. Wajukuu wanne, akiwemo Jenifa. Na mdogo wake Gideoni.

Wasifu uliochapwa katika ratiba mliyonayo mikononi unaishia hapo. Haya yanayofuata yameongezwa kwa kalamu leo asubuhi, Jumamosi tarehe 11.

Mwili ulipofika nyumbani hapa Gulwe jana jioni, wanaume wa ukoo walimvika marehemu suruali, shati na koti lake la reli, kama alivyoagiza. Kabla koti halijafungwa, Jenifa aliingia na kigoda chake. Wazee walisita. Mtoto wa miaka tisa, na maiti? Gideoni akawakumbusha kwamba mjukuu ni mtani wa babu yake, na msibani mtani hazuiwi. Jenifa akapanda kigodani, akaanza kifungo cha chini. Vifungo vile havimshindi tena, anavijua, lakini koti lililolala ni gumu kuliko koti lililosimama. Cha pili kilimponyoka. Paulina akanyoosha mkono wake. Ndipo tukamwona Bibi Emilia akiinua bendera nyekundu.

Tulisimama na mikono yetu. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Jenifa alipanda kifungo kwa kifungo, ulimi nje, akikigeuza ubavu na kukisukuma kwa kidole gumba, mpaka akafika shingoni. Hapo akasimama. Alikitazama kifungo kile, akakifuta kwa kiganja kikang'aa, na hakukifunga. Mmoja wetu akadhani amekwama, akamnong'oneza, "Tukusaidie? Tuseme kijani?"

Jenifa alitikisa kichwa. Kifungo cha shingoni cha sweta yake hukifunga kila asubuhi, na sote tunajua.

"Hiki ni cha kesho," alisema, akashuka kigodani.

Jeneza limefungwa hivyo, na koti liko wazi shingoni. Swali aliloliuliza Mzee Methusela usiku ule, kwamba nani atamfunga mtoto vifungo, limejibiwa mbele yake, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemfunga babu vya kwake. Alale salama mzee wetu, apumzike kwa amani mpaka kesho hiyo ifike.